Kimondo cha Mbozi na wabishi wawili: natoa nyota 4

Naandika hii kwa wale mnaoniulizaga mgeni akija Mbeya wikiendi umpeleke wapi, maana kupanda ziwa Ngozi wengine magoti hayaruhusu. Jumamosi nilikwenda Kimondo, lile jiwe kubwa lililoshuka kutoka angani kule Mbozi, na baba mkwe, alikua amekuja kutoka Tukuyu, pamoja na mdogo wangu anaefundisha fizikia sekondari. Kosa la kwanza lilikua langu, kuwaweka hawa wawili siti moja. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, Moravian ya kuzaliwa, na dogo ndo wale ukisema tu "asante Mungu mvua imenyesha" anakuanzishia somo la mgandamizo wa hewa.

Usafiri kwanza. Nilikodi Noah mjini, tulikubaliana saa 1 asubuhi dereva akatokea saa 3 kasoro, ana sababu tatu na hata moja haifanani na mwenzake. Njiani malori ya Tunduma ndo kama mnavyoyajua. Mwenye gari lake aende nalo, ni lami hiyohiyo ya Tunduma halafu mbele unaiacha unaingia barabara ya vumbi. Beba maji na kofia.

Sasa kabla hata hatujafika Mlowo walishaanza. Mzee kasema kitu kidogo tu, kwamba jiwe likitoka mbinguni sio bure, ni ishara. Dogo akadakia, "Samahani mzee wangu, angani, sio mbinguni." Mzee akamuuliza tofauti yake nini, ukiangalia juu si ni kulekule? Hapo ikawa vita, mmoja anataja Mwanzo sura ya kwanza mwingine anataja miaka bilioni 4 na nusu ya dunia, na hakuna anaemsikiliza mwenzake, kila mtu anasubiri tu mwenzie avute pumzi aingie. Mimi ni mkwe bwana, naingilia wapi? Nikamwambia dereva aongeze redio.

Jiwe lenyewe liko kilima cha Marengi. Urefu kama mita 3, uzito wapo wanaosema tani 12 wapo wanaosema 16, na karibu asilimia 90 yake ni chuma, linalobaki kubwa ni nikeli. Limechimbiwa shimo kulizunguka ndo unaliona vizuri. Kiukweli kwa mbali ni kama injini ya lori iliyoungua ikaachwa mvuani, ila ukisogea unaona mabonyeo mwili mzima, kama mtu alikua anabonyeza bonyeza unga wa maandazi kwa kidole gumba. Na kuna sehemu ilikatwa kwa msumeno, kipande kikaenda kupimwa. Hapo nilisimama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Ila nyota zangu nyingi zinaenda kwa kijana aliyetuongoza. Mpole, haongei kwa kukariri. Akatuambia wakoloni walikuja kuliandika 1930 lakini wenyeji walishalijua na jina wameshalipa. Dogo akaona hapo ndo pake, akasema ndo umuhimu wa sayansi sasa, bila vipimo lingebaki hadithi za wazee. Yule kijana akamwacha amalize kabisa, halafu akamuuliza, "Mwalimu, Lavoisier unamfahamu?" Dogo akacheka, Lavoisier si ndo yule mkemia Mfaransa wa oksijeni, anamfundisha kila mwaka.

Basi akatupa kisa. Mwaka 1768 huko Lucé, Ufaransa, wakulima waliona jiwe linashuka kutoka juu, wakaliokota. Likapelekwa kwa wakubwa wa sayansi Paris, na 1772 ripoti ikatoka, Lavoisier akiwa mmoja wa walioiandika, kwamba ni jiwe la kawaida limepigwa na radi, mawe hayashuki kutoka angani. Yaani mkulima ana jiwe mkononi anaambiwa hakuona alichokiona. Mpaka Aprili 1803 mawe kama 3000 yakamwagika mchana kweupe pale L'Aigle, hukohuko Ufaransa, akatumwa mwanasayansi Biot kwenda kuhoji watu na kupima, akarudi na jibu kwamba wanakijiji wanasema kweli.

Dogo kimya. Baba mkwe akaanza kile kicheko cha tumboni, mpaka akanishika bega. Kijana akamgeukia, "Na wewe mzee wangu usicheke sana." Akamuuliza kama anajua aliyekua wa mwanzo kabisa kusema ulimwengu wote ulianza kama kitu kidogo kikapanuka. Mzee akasema hao si ndo kina mwalimu. Akaambiwa hapana, ni padri, Georges Lemaître, Mbelgiji, hesabu za ulimwengu kupanuka alizitoa 1927, Einstein mwenyewe mwanzoni hakukubali, na hilo la kuanza kama kitu kidogo akalisema 1931. Mzee akauliza mara mbili, "Padri?" Padri kabisa. Na 1951 Papa Pius XII akafurahi akaona basi sayansi imethibitisha uumbaji, ila padri mwenyewe hakupenda, hakutaka hesabu zake zigeuzwe ushahidi wa imani. Mzee akakunja uso, kwa nini mtu wa Mungu akatae ushahidi? Kijana akasema, "Kesho hesabu zikibadilika mzee, na kanisa utafunga?"

Naomba niseme kitu hapa japo ni rivyuu. Mimi sekondari nimesomea hukuhuku, na sayansi tuliikariri kama katekisimu, definisheni ukiruka neno moja fimbo. Hakuna aliyetuambia wakubwa walishawahi kukosea na wakulima wakapatia. Kwa hiyo mdogo wangu na baba mkwe wangu ni walewale, wamelelewa kwa fimbo moja, vitabu tu ndo tofauti.

Kabla ya kuondoka kijana akafanya kitu sijakisahau. Akamwambia dogo aweke kiganja upande wa jua, mzee akainama akaweka chini kwenye kivuli. "Mwalimu, likoje?" La moto. "Mzee?" Baridi, kama mtungi. Akasema haya, badilishaneni. Wakabadilishana, mzee anashikwa mkono asiteleze. Dogo akashindwa kujizuia, akasema chuma kinapitisha joto, la huku linahamia huko taratibu hapa tunavyoongea. Mzee akaitikia "eeh" moja ndefu, sijui ilikua ya nini, ila hakubisha.

Chakula tulikula Mlowo, mgahawa siutaji, maharage yenye nazi safi sana, kuku alikua mgumu nadhani alishapata wajukuu. Nyota niliyoikata ni ya dereva, maana kurudi pia tulimsubiri karibu nusu saa, yuko kwenye bao.

Ndani ya gari mzee akafumba macho. Dogo akatoa simu akaanza kutafuta, akaninong'oneza, "Bro, ile ya Lavoisier ni kweli aisee." Na mzee, macho yamefumbwa vilevile, akasema, "Ya padri nayo itafute, unisomee."