Aldi: niliingia kwa shida, nikanogewa

Zamani nilikuwa sikanyagi Aldi, supamaketi ya bei nafuu yenye asili ya Ujerumani. Hapa Birmingham, Uingereza, tuliliita duka la waliokwama, na mimi mtu wa Tanga nina maringo yangu. Yaliisha mwishoni mwa 2022. Mwezi Oktoba mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1, na Machi iliyofuata vyakula peke yake vilikuwa vimepanda zaidi ya asilimia 19 kwa mwaka. Mshahara wangu wa kutunza wazee uko pale pale.

Siku ya kwanza nilijiaibisha. Sina sarafu ya pauni ya kufungulia toroli, sina mfuko, na keshia anapitisha vitu kwa kasi ya cherehani huku mimi natafuta pa kuweka mayai. Baadaye nikaelewa kwamba ile kasi ndiyo inayoshusha bei. Mistari ya kusoma bei imechapwa mirefu, tena pande kadhaa za pakiti, keshia asihangaike kuigeuza. Bidhaa zinakaa ndani ya maboksi zilizokuja nayo, hakuna anayelipwa kupanga kopo moja moja. Na aina zenyewe ni kama 2,000 tu, nyingi za chapa yao, wakati supamaketi kubwa zina makumi ya maelfu. Huzunguki nusu saa ukichagua siagi.

Kuna waliosema bei zikitulia wateja watarudi walikotoka. Basi mimi ni ushahidi: mfumuko ulishuka, nami bado nipo. Jibini na biskuti zao wanangu wameshazizoea, nikileta za jina kubwa hawaoni tofauti, mimi ndiye ninayeiona kwenye risiti. Duka hili lilianza nchini mwaka 1990, tena papa hapa Birmingham, mtaa wa Stechford. Septemba 2022 likaipita supamaketi ya Morrisons na kuwa la nne kwa ukubwa nchini, 2023 likafungua tawi la 1,000, na lengo lao ni 1,500. Tesco nao, supamaketi kubwa kuliko zote hapa, tangu 2020 wanabandika vibao kwamba bei ya kitu fulani ni sawa na ya Aldi. Mkubwa hamtaji mdogo bure.

Litakua, ila kwa wapishi kama mimi halitamaliza safari. Sembe, mihogo na dagaa navifuata kwenye maduka ya Wasomali na Wahindi, na sioni Aldi wakijaza rafu zao kwa vitu vya watu wachache. Wakifanya hivyo watapoteza ule wepesi unaowapa bei.

Nawapa nyota nne. Mkienda, bebeni pauni na mifuko. Na mume msimwache peke yake kwenye ujia wa katikati, wanakouza mahema na vifaa vya ufundi. Wangu nilimtuma maziwa, akarudi na keekee. Maziwa kasahau.