Tahadhari: fundi wa Arusha anayeliharibu gari kwanza ndipo alipime kwa mashine

Ndugu zangu wapenzi wa magari wa Arusha na Moshi, ninaandika haya nikiwa na hasira, na aibu ikiwa imeizidi hasira, kwa sababu mimi ndiye ambaye kila mara nimekuwa nikiwacheka wanaouziwa makopo ya kuongeza nguvu za injini. Nimetapeliwa shilingi 680,000 mchana kweupe, nikiwa nimesimama hatua tano kutoka kwenye gari langu, na nikamshukuru aliyenitapeli kwa kumpa mkono.

Subaru Impreza yangu mnaifahamu, hasa mliokuwepo safari ya Babati, kwa hiyo sitaieleza upya. Tangu niinunue ilikuwa ikinipa kilomita 9 kwa lita ninapoiendesha kwa adabu, na kwa WRX ya mwaka 2004 yenye tabo hilo si baya hata kidogo. Mwezi Juni nikaanza kuona mshale wa mafuta unashuka kabla ya siku zake. Sikutaka kubahatisha. Nikajaza tenki mpaka pampu ya kituoni ikakata yenyewe, nikairudisha tripu, ile mita ya kuhesabu kilomita za safari, kwenye sifuri, nikatembea kilomita 336, kisha nikarudi kwenye pampu ileile na kujaza mpaka ikakata tena: lita 48. Hizo ni kilomita 7 kwa lita. Nikapima upepo wa matairi, nikagusa rimu zote nne baada ya safari ili nione kama kuna breki inayokamata, nikabadili filta ya hewa. Hali ikabaki vilevile, isipokuwa kijiti cha oili kilikuwa kikinukia petroli, nami kwa ujinga wangu nikadhani ni mikono yangu.

Kabla hamjaniuliza kwa nini nililipeleka gari kwa fundi huyu wa Arusha, nisikilizeni. Huyu ndiye aliyenibadilishia mkanda wa taimingi na pampu ya maji mwezi Aprili, kazi ambayo kwa injini ya Subaru mtu asiyeijua anaweza kukuvunjia valvu zote, naye aliimaliza kwa siku moja bila bolti kubaki. Gereji yake ni safi, ina sakafu ya zege na mashine ya kupimia yenye kioo kikubwa, na siku niliyofika kulikuwa na magari mawili ya heshima yanasubiri zamu. Isitoshe, hakuanza kwa kuniuzia kitu. Alianza kwa kuniuliza ninajaza mafuta wapi, akasema siku hizi hata mafuta yenye vinasaba, ile alama ya kuyatambua mafuta halali, watu wanayachakachua, akanishauri nisiharakishe kutumia hela. Mtu anayekukataza kutumia hela utamshuku vipi?

Akaomba nivuke barabara nikamnunulie kopo la dawa ya kusafishia sensa, akisema la kwake limeisha. Nilikawia kama dakika kumi, kwa kuwa muuzaji hakuwa na chenji. Niliporudi boneti ilikuwa wazi na yeye ameegemea gadi, anafuta mikono kwa kitambaa. “Mzee wangu, hebu washa,” akaniambia. Nikawasha. Injini ikakohoa, mngurumo wake ukapanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi, na kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano ya injini. Akachomeka mashine chini ya usukani, akangoja, kisha akaugonga ukucha wake kwenye kioo mahali palipoandikwa msimbo wa hitilafu, P0102. “Hii ndiyo inayokumalizia hela. Sensa ya hewa imekufa, kompyuta haijui hewa kiasi gani imeingia, inamwaga mafuta tu.” Alilolisema lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilinikamata: msimbo ule unahusu kweli sensa inayopima hewa, iliyo nyuma ya boksi la filta. Mimi niliyesoma mambo haya usiku kucha nikawa natikisa kichwa kama mwanafunzi.

Akaleta boksi lenye maandishi ya Kijapani, akalifungua mbele yangu, akanionyesha sensa nyeusi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Shilingi 480,000. Akafungua skrubu mbili, akaichomoa ya zamani, akazipeleka zote mbili kwenye meza yake “kuzilinganisha,” akarudi na kuifunga moja. Injini ikatulia, taa ikazima baada ya kufuta msimbo, nami moyo wangu ukawa mweupe. Hapo ndipo alipotoa kidude cha kijani chenye taa tatu ndogo, cha kuchomeka palepale anapochomeka mashine, akasema kinasoma uendeshaji wangu na kurekebisha mafuta, ila kinahitaji kilomita 200 za kujifunza. Shilingi 160,000. Kupima, 40,000. Nikalipa kwa simu. Jina lililotokea halikuwa lake. Nililiona, nikabonyeza namba ya siri.

Baada ya kilomita hizo za kujifunza nikapima tena kwa utaratibu uleule: kilomita 294, lita 42. Bado 7. Nikampigia, akasema kidude kinahitaji tenki la pili. Tenki la pili likaisha, naye akaacha kupokea simu.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Moshi, fundi wa siku nyingi, ambaye mashine yake ni ndogo kama simu. Nilifika kwake moja kwa moja kutoka Arusha, mwendo wa kilomita karibu 80, na kabla sijazima injini akasoma joto la maji: nyuzi 61. Akanitazama. Akaniambia nililaze gari kwake usiku huo, nirudi asubuhi likiwa baridi. Asubuhi akawasha, akaushika kwa kiganja mpira wa chini wa rejeta, na ndani ya dakika chache tu akauvuta mkono wangu niuguse na mimi. Ulikuwa umeshaanza kupata uvuguvugu. Kwa gari lisilo na hitilafu mpira ule hubaki baridi kwa muda huo, kwa sababu themostati, vali inayozuia maji ya kupoza yasipite kwenye rejeta, huwa imefunga mpaka maji yafike karibu nyuzi 78. Akafungua kifuniko chake. Ndani hamkuwa na kitu. Themostati ilikuwa imetolewa, na mtu wa mwisho kugusa mahali pale ni yule aliyenibadilishia pampu ya maji mwezi Aprili.

Mnajua ule usemi wa mafundi wetu kwamba Afrika ni joto, themostati ni ya Wazungu. Matokeo yake ndiyo haya: injini haifiki joto lake, hasa kwa baridi ya Arusha ya Juni na Julai na safari zangu fupi za kwenda kazini, kompyuta inaambiwa na sensa ya maji kuwa injini bado haijapata moto, nayo inaendelea kuongeza petroli kama ya kuwashia asubuhi. Petroli ya ziada inateremka mpaka kwenye oili, na ndiyo ile harufu ya kijiti. Na mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umelala chini muda wote. Mimi nikiuona nilikuwa nafurahi kwamba gari limepoa.

Kisha mzee akachomoa “sensa mpya” aisafishe. Pembeni yake, kwa kalamu nyeupe ya kuandikia matairi, kulikuwa na tarehe ya mwaka jana. Kwa mwandiko wangu. Niliiandika mimi mwenyewe siku niliyoisafisha. Sikuwa na la kusema, nikaomba maji ya kunywa. Kidude tulikipasua kwa kisu: nyaya zake zinagusa pini ya umeme na pini ya hasi peke yake, basi, taa zinawaka. Hakina njia yoyote ya kuzungumza na kompyuta ya gari.

Themostati ilinigharimu 35,000. Tenki lililofuata: kilomita 306, lita 34. Zile 9 zimerudi.

Yule fundi wa Arusha anastahili kufungiwa gereji. Themostati naweza kumsamehe, ni ujinga wa wengi, lakini kuchomoa waya wa sensa ya mtu aliyetumwa dukani, ukamwonyesha msimbo ulioutengeneza wewe na ukamuuzia sensa yake mwenyewe, huo ni wizi kama wa kuvunja nyumba, na Tume ya Ushindani iende ikaone maboksi yaliyoko chini ya ile meza. Dalili zilikuwepo, nakiri: gari lilifika bila taa ya injini, taa ikawaka palepale gerejini, sikuomba kuondoka na sensa ya zamani, risiti ni ya kuandikwa kwa mkono, ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, alisema mashine imeharibika. Lakini hata kama mimi ni mjinga, ujinga wangu haumpi yeye haki. Arudishe 680,000 na aombe radhi mbele ya wote aliowafanyia hivi, na najua si mimi peke yangu, maana lile boksi lilikuwa na kona zilizochakaa kwa kufunguliwa.

Kidude kilichopasuliwa ninacho, sensa ninayo, na ujumbe wa malipo wenye jina lile jingine ninao. Mwenye risiti ya mkono ya gereji hiyo anitafute kabla ya Ijumaa ili twende kituo cha polisi kwa pamoja.