Boksi la majaribio ya bundi: madonge ni dhahabu, karatasi haifai

Nililiagiza kwa ajili ya darasa langu la nne, watoto 24, nikijua litanitosha vipindi viwili. Lilikula vinne.

Ndani mna madonge sita yaliyofungwa kwenye foili. Bundi hana meno ya kutafuna, humeza panya mdogo mzimamzima. Nyama ikishayeyuka, manyoya na mifupa hubaki kwenye firigisi, hushikana kuwa donge, naye hulitema. Haya yamepitishwa kwenye joto kali kuua vijidudu, ila glavu tulivaa na mikono tukanawa vilevile.

Mwanzoni wote walikuwa na hakika ni kinyesi. Wakaziba pua, ingawa halinuki. Kisha fuvu la kwanza likatoka na darasa likanyamaza. Meno ya mbele ya rangi ya chungwa, nyuma yake pengo, halafu magego: panya huyo. Meza ya pili wakaja juu, lao ni jembamba na meno yamefuatana bila pengo. Tukabishana weee, mpaka mmoja akalinganisha na mchoro wa mifupa: kirukanjia! Naye si panya hata kidogo, ni mla wadudu.

Hapo ndipo karatasi ya mtandao wa chakula (nani anamla nani) iliyomo kwenye boksi iliponiudhi. Mishale yake imechorwa kinyumenyume, inatoka kwa bundi kwenda kwa panya, wakati mshale hufuata chakula kinakokwenda, yaani kwa mlaji. Tuliiweka kando tukachora wetu ubaoni kwa mafuvu tuliyohesabu: panya 11, virukanjia 4. Kwa kuwa kirukanjia alikuwemo, panzi na mende wakaingia, na majani chini yao.

Mchezo wa masikio nao ni mzuri, hauhitaji kifaa. Mtoto anafungwa kitambaa machoni, anaonyesha kidole sauti inakotoka. Akiziba sikio moja anapotea kabisa. Ukiwaambia bundi wengine sikio moja liko juu kuliko jingine ili wajue sauti inatoka juu au chini, wanaelewa bila maelezo marefu.

Vibano vya plastiki vilipinda siku ya kwanza, tukamalizia na vijiti vya meno. Donge likiwa gumu, liloweke kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, la sivyo mbavu zitavunjika zote.

Donge moja kwa watoto wanne halitoshi, wawili huishia kutazama. Nikiagiza tena nitachukua madonge peke yake bila boksi, moja kwa wawili.