The Tale of Genji ya Royall Tyler: inunue kwa ajili ya misiba

Anayekuuzia kitabu hiki, riwaya ya kale ya Kijapani iliyotafsiriwa na Tyler kwa Kiingereza, atakwambia ni hadithi ya mapenzi. Sawa, kuna Genji, mtoto wa mfalme, mzuri wa sura, anayenyemelea nyumba za wanawake usiku katika mji ambao leo ni Kyoto, miaka elfu moja iliyopita. Lakini mimi ni fundi cherehani, macho yangu hutangulia kwenye nguo, na humu nguo za msiba hazikauki kambani.

Chukua sura ya 9. Aoi, mke wa Genji, ni mjamzito, anakwenda kutazama maandamano ya sikukuu ya Kamo. Watumishi wake wanalisukumia nyuma gari la Bibi Rokujo, mjane wa heshima ambaye ni mpenzi wa Genji, na kuliharibu mbele za watu. Fedheha ile haimtoki. Akilala, roho yake inachomoka na kwenda kumtesa Aoi, naye mwenyewe hana hakika kama kweli ndiye. Anachokijua ni kwamba nguo zake zinanuka mbegu za mpopi, zile zinazochomwa kwa mgonjwa kufukuza pepo. Anaosha nywele, anabadili nguo, harufu iko palepale. Wivu nimeusoma kwingi, wa kunasa kwenye nguo sijawahi.

Aoi anajifungua mtoto wa kiume, kisha anafariki. Genji anavaa kijivu hafifu, maana ndivyo desturi inavyomtaka mfiwa wa kiume. Angetangulia yeye, mkewe angevaa kijivu kilichokolea. Wazo hilo ndilo linalomchoma, yeye aliyekuwa akimkwepa mwenzake alipokuwa hai. Aliyeandika haya, Murasaki Shikibu, alifiwa na mumewe mwaka 1001, kabla ya kuingia ikulu kumtumikia Malkia Shoshi. Sisemi alijiandika mwenyewe. Nasema tu alizijua rangi.

Tafsiri hii ya Kiingereza ilitoka mwaka 2001. Mashairi ni 795, na Tyler amejitahidi kulipa kila moja silabi zake 31. Mengine yamenipita kando, mengine yanauma, hasa yale yanayotumwa yamefungwa kwenye tawi la mti. Maelezo yako chini ya ukurasa uleule, hufunui huku na kule. Kero ni majina: wahusika wanaitwa kwa vyeo, na mtu akipandishwa cheo anageuka kama mtu mwingine. Bila ile orodha ya wahusika mwanzoni mwa kila sura ningeshalitupa dude hili, na si jepesi, kurasa zinapita elfu moja.

Genji mwenyewe simpendi. Anamchukua Murasaki, mhusika wa riwaya na si yule mwandishi, akiwa kitoto cha miaka kama kumi, kwa siri, kabla baba yake hajamfuata, anamlea kisha anamfanya mke. Ukitafuta mahaba ya kukupooza moyo, hapo utakwama, na sitakulaumu. Vumilia mpaka sura ya 40, Murasaki anapokufa alfajiri baada ya kuugua muda mrefu na kuomba bure ruhusa ya kuwa mtawa. Sura inayofuata ni mwaka mzima wa mume kushindwa kuvunja tanga. Mwishoni anatoa barua za marehemu, zile za wakati yeye Genji alipokuwa uhamishoni Suma, zimefungwa peke yake, wino kama wa jana. Anaamuru zichanwe, zichomwe zote. Kifo chake mwenyewe hakisimuliwi kabisa. Sura ya 42 inaanza keshaondoka.

Sura kumi za mwisho, kule Uji, zina vijana wawili wanaomgombea mwanamke aitwaye Ukifune. Mimi Kaoru, mmoja wa vijana hao, alinichosha, anafikiri mno, ila Ukifune anastahili subira yako.

Unaponunua, hakikisha nakala ina sura zote 54, kwa sababu tafsiri hiihii ina toleo lililofupishwa. Na kama hujazoea vitabu virefu, ruka utangulizi, anza sura ya 1, utaurudia baadaye.