Sandwichi ya nyama ya kusaga: kipande bapa au iliyochambuka?

Hili swali haliishi jamani. Wengine wanataka patty melt ya Kimarekani, yaani kipande bapa cha nyama ndani ya mkate uliochomwa kwa siagi, wengine wanataka nyama iliyochambuka kama wanavyokula Iowa, jimbo la Marekani, kule migahawa ya Maid-Rite imeiuza tangu 1926.

Vitunguu ni vilevile kote, na hapo hakuna njia ya mkato, moto mdogo dakika 40 hivi mpaka viwe laini na rangi ya kahawia, vikianza kushika chini dondoshea maji kijiko kimoja ukwangue ule ukoko, utamu wote uko pale. Ukiongeza moto vinaungua pembeni huku katikati bado vibichi.

Kwa bei, ya kuchambua inashinda wazi. Nusu kilo unapata kama sandwichi nne za kipande, ila ukichambua ukaongeza hoho na karoti wanakula hata sita. Na kesho yake inapashwa vizuri tu, kipande kikilala kinakakamaa.

Ila kwa ladha, mimi kipande kinanishinda nguvu kabisa! Unakigandamiza kwenye kikaango cha moto kinafanya ganda, chizi unaweka juu na chini ishike mkate na vitunguu visimwagike. Ile nyingine inadondoka mpaka kwenye nguo.

Kwa hiyo kama mko wawili na jioni haina haraka, fanya kipande. Nyumba imejaa watoto na bajeti imebana, chambua.