Programu ya kuzipa picha zako jua la filamu: ipi ulipie, ipi uache (kwa wapiga picha wa Lamu na Malindi)

Preseti za "jua la dhahabu", yaani mipangilio ya rangi iliyotengenezwa tayari, zinauzwa kila pembe ya intaneti, na wanaozinunua huku pwani hurudi na malalamiko yale yale: kanzu nyeupe imekuwa manjano, uso wa bibi harusi umekuwa mwekundu, bahari ya Shela imegeuka rangi ya tope. Sababu ni moja. Preseti imezivuta rangi zote kwa pamoja kuelekea manjano, na filamu haifanyi kazi hivyo.

Filamu ya rangi kama Kodak Gold 200 imetengenezwa kwa mwanga wa mchana, wa kelvini 5500 hivi (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Ujoto wake huonekana zaidi penye mwangaza kuliko kwenye vivuli. Majani huegemea manjano, na palipo peupe hufifia polepole badala ya kuungua ghafla. Kwa hiyo programu yoyote unayotaka kuilipia iulize mambo matatu: je, inaweza kutia rangi kwenye mwangaza bila kugusa vivuli? Inaweza kushika rangi moja moja? Ina mkunjo wa mwangaza, yaani ile Curve? Orodha hii imepangwa kwa kipimo hicho, kisha kwa bei.

Kabla ya kulipa, tayarisha picha tatu za kujaribia. Ya kwanza, mtu aliyevaa kanzu mbele ya ukuta wa chokaa. Ya pili, uso wa mtu mweusi chini ya kivuli cha mwembe au kwenye baraza. Ya tatu, bahari saa 6 mchana. Programu au preseti ikifaulu zote tatu, inafaa kwa kazi ya hapa. Ikifaulu picha ya machweo peke yake, haijathibitisha kitu, maana machweo hupendeza hata bila kuhaririwa.

Nafasi ya 1: Lightroom ya simu, bila kulipia

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kazi hii iko kwenye toleo la bure: mwangaza, Curve, rangi moja moja, rangi za mwangaza na vivuli, chembechembe, na uwezo wa kuhifadhi preseti yako mwenyewe. Malipo yanahitajika ukitaka kuhariri faili za RAW za kamera (faili ghafi, zisizobanwa kuwa JPEG), kuchagua sehemu ya picha peke yake (masiki), kufuta vitu, au kupaka mabadiliko yale yale kwenye picha nyingi kwa mara moja. Mpiga picha wa harusi atayahitaji. Anayepiga wageni ufukweni na kuwatumia picha jioni ile ile anaweza kukaa na toleo la bure miaka.

Hiki hapa kipimo cha kuanzia, kwa JPEG ya simu iliyopigwa asubuhi au jioni. Temp (ujoto wa rangi) +8 hadi +12, usizidishe. Tint (kijani kwenda zambarau) +4. Highlights (penye mwangaza) −35, Whites (palipo peupe kabisa) −10, Shadows (vivuli) +20, Blacks (weusi) +8. Kwenye Curve, ncha ya kushoto kabisa ipandishe kidogo ili weusi usiwe mzito, na ncha ya kulia ishushe kidogo tu.

Kisha njoo kwenye rangi moja moja, na hapa usiharakishe. Kijani: Hue (aina ya rangi) −25, Saturation (ukolevu wake) −20, ili minazi iache kung'aa kama plastiki. Buluu: Hue −10, Saturation −15. Manjano: Saturation −15, hii ndiyo inayookoa kanzu na kuta za chokaa. Rangi ya machungwa ndiyo ngozi. Preseti nyingi za dukani huiongezea Luminance (mwangaza wa rangi hiyo) ili ngozi ya Mzungu ing'ae. Kwenye ngozi nyeusi matokeo yake ni uso wa kijivujivu au wa kutu, na umbo la uso linapotea. Wewe acha Luminance kwenye 0 au ishushe hadi −5, Saturation −6, kisha uso ukiwa na giza uinue kwa Shadows.

Mwisho, Color Grading, yaani rangi za mwangaza na vivuli: Highlights kwenye Hue 45, Saturation 8, Shadows Hue 210, Saturation 4. Grain (chembechembe) 18, Size 25. Clarity usiiguse, inakaza kingo, na filamu haina ukali huo.

Ukimaliza, hifadhi kama preseti lakini toa alama kwenye mwangaza na Temp. Hizo mbili hupangwa picha kwa picha, kwa sababu mwanga wa saa 1 asubuhi si wa saa 4.

Nafasi ya 2: Snapseed

Ni ya Google, ni bure, na ni nyepesi kwa simu yenye nafasi ndogo. Inafungua JPEG na pia DNG, ambayo ni aina ya RAW. Ina Curves, White Balance (kupanga ujoto wa rangi) na Grainy Film (chembechembe), na ukiridhika unahifadhi mpangilio wako kama Look. Nguvu yake ni Selective: unaweka alama juu ya uso, unapanua duara kwa vidole viwili, unainua mwangaza hapo tu. Kazi hiyo hiyo kwenye Lightroom inataka malipo. Udhaifu wake ni kwamba kushika kijani au manjano ya picha nzima ni kazi ndefu zaidi kuliko kwenye Lightroom.

Kwa hiyo wenye busara huzitumia zote mbili: uso Snapseed, rangi Lightroom. Hifadhi kwa ubora wa juu kabisa unapotoka moja kwenda nyingine, kwani kila JPEG inapohifadhiwa upya hupoteza kitu, na anga ndiyo huonyesha kwanza, kwa mistari mistari.

Nafasi ya 3: VSCO ya kulipia

Kwa asiyetaka kupima namba. Preseti zake zilizoigwa kutoka filamu za kweli ni nzuri, na zimetulia kuliko nyingi za mitaani. Usiziache kwenye nguvu kamili ya 12. 6 au 7 yatosha kwa jua la hapa. Malipo ni ya kila mwezi au mwaka, basi soma bei kwa shilingi kwenye Play Store siku unayonunua. Ukichukua siku za majaribio, kumbuka kwamba kufuta programu kwenye simu hakukatishi malipo. Ingia sehemu ya usajili ya Play Store ukayakatishe hapo.

Nafasi ya 4: RawTherapee au darktable, kwa mwenye kompyuta

Zote mbili ni bure kabisa, RAW zikiwemo, na zinafanya kazi Windows, macOS na Linux. RawTherapee ina kipengele cha Film Simulation. Unapakua mkusanyiko wake wa rangi za filamu mara moja tu, ila ni faili kubwa, basi lifanye penye waifai na si kwa bando. Zinataka uvumilivu wa kujifunza. Kwa hoteli au studio yenye kamera kubwa, hizi zingepanda hadi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya 5: preseti za kununua

Hatuzipendekezi kama ununuzi wa kwanza. Ukishaweza kutengeneza yako, utajua kama ya mtu ina kitu cha kukuzidi. Muuzaji asiyeonyesha ngozi nyeusi hata moja kwenye sampuli zake, mpite.

Kichujio cha kioo cha kuongeza ujoto, kama 81A, kiache. Kwenye kamera ya dijitali, White Balance inafanya kazi hiyo hiyo bila kupunguza mwanga.

Yanayoharibu hata ukinunua ya bei ghali

Jua la kwetu. Tuko nyuzi 2 hadi 3 tu kusini mwa ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu wima, kwa hiyo mwanga wa dhahabu wenyewe haudumu, ni nusu saa hivi. Katikati ya Machi, na tena mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri hukaa utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo ya kivuli na hakuna preseti ya kuyarudisha. Mji wa Lamu nao umetazama mashariki, hivyo asubuhi jua linaingia moja kwa moja mbele ya mji, na jioni forodhani huwa kivulini mapema. Malindi pia bahari iko upande wa kuchomoza. Anayetaka jua la dhahabu juu ya maji aamke.

Mwangaza uliozidi. Filamu ya negativu husamehe mwanga mwingi, simu haisamehi. Gusa sehemu nyeupe kabisa ya picha, iwe kanzu, tanga au ukuta, kisha shusha mwangaza kidogo kabla ya kupiga. Weupe ukishaungua, Highlights −100 italeta kijivu tu.

Maji ya Malindi wakati wa mvua. Mto Sabaki hubeba udongo mwekundu hadi ufukweni, na Temp ikiongezwa hapo bahari inakuwa chai. Acha Temp kwenye 0, tia ujoto kwenye Highlights pekee. Marafa pia ina tabia yake: miamba tayari ni ya machungwa, basi punguza Saturation ya machungwa na nyekundu hadi nyufa za mwamba zionekane tena.

Skrini. Ile hali ya kulinda macho usiku hutia skrini manjano, nawe ukihariri nayo utatoa picha baridi bila kujua. Izime. Usihariri juani na mwangaza wa skrini umejaa. Picha itafika kwa mteja ikiwa na giza. Kaa kivulini, skrini iwe nusu.

Na WhatsApp hubana picha, chembechembe zikageuka madoa. Mtumie mteja kama hati, si kama picha.

Nje ya orodha: filamu yenyewe

Mwenye kamera ya zamani na subira anunue Kodak Gold 200 na aipange kamera ISO 100 badala ya 200, ili ipate mwanga wa ziada. Rangi hutulia na vivuli hufunguka. Joto na unyevu ndio maadui zake wakubwa huku. Ihifadhi kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, itoe saa moja au mbili kabla ya kuufungua ili isitoe jasho, na isilale kwenye mashua wala kwenye gari juani. Usafishaji wake ni wa C-41, njia ya kawaida ya filamu za rangi, dawa ikiwa nyuzi 38 za Selsiasi. Uliza bei ya kusafisha na ya kuskani kabla ya kununua roli, kwa sababu bei ya roli ni mwanzo tu wa gharama.