Logitech R400 mbele ya jopo: nunua kwa ajili ya vitufe, si kwa ajili ya taa

Mwanafunzi aliyepewa dakika 15 kuwasilisha matokeo ya utafiti hana nafasi ya kurudi kwenye laptop kila slaidi inapoisha. Akiinama kubonyeza, sauti yake inaishia kwenye kibodi na jopo linabaki kutazama utosi. R400, rimoti ndogo ya kubadilishia slaidi ukiwa mbali na laptop, inaondoa adha hiyo, na kwa kazi hiyo moja tu inafaa kununuliwa, hata ikiwa ni moja ya idara nzima kuazimana.

Inatumia betri mbili za AAA. Risiva yake ya USB, yaani kipande kidogo kinachopokea amri za rimoti, hukaa ndani ya rimoti yenyewe, upande wa chini: ichomoe, ichomeke kwenye laptop, washa swichi ya ubavuni, basi. Hakuna programu ya kusakinisha kwa sababu laptop huiona kama kibodi. Hapo ndipo pa kuelewa vizuri, maana hitilafu nyingi chanzo chake ni hicho. Kitufe cha kusonga mbele hutuma Page Down, cha kurudi nyuma Page Up, cha kuanzisha onesho F5, cha kufanya skrini iwe nyeusi hutuma nukta.

Kwenye PowerPoint vyote vinne vinatii. Kwenye Google Slides, F5 ni amri ya kivinjari kupakia ukurasa upya; ukibonyeza kitufe cha kuanzisha na intaneti ya ukumbini inasuasua, jopo litakaa likitazama ukurasa mtupu. Anzisha kwa Ctrl na F5 kwenye kibodi, ndipo ushike rimoti. Mwenye PDF afungue skrini nzima kwanza (Ctrl na L kwenye Adobe Reader). Kusonga na kurudi kutafanya kazi kama kawaida.

Rimoti ikigoma katikati ya maelezo, usianze kuhangaika na betri. Mara nyingi dirisha jingine limejitokeza, labda Zoom au taarifa ya antivirusi, na amri zinaishia huko. Bofya slaidi mara moja kwa kipanya. PowerPoint ikiruka hatua moja mbele, rudi nyuma kwa rimoti na uendelee kuzungumza. Dawa ya kudumu ni kufunga kila kitu kabla hujaitwa.

Kitufe cha skrini nyeusi ndicho kinachosahaulika, nacho ni cha thamani kuliko vyote. Mjumbe akiuliza ulivyopata sampuli yako huku grafu ya matokeo bado iko ukutani, macho ya wote yatabaki kwenye grafu. Izime, jibu ukimtazama aliyeuliza, bonyeza tena picha irudi.

Taa ya leza nyekundu haina msaada mkubwa. Kwenye ukuta wa projekta wenye giza kiasi inaonekana. Kwenye televisheni kubwa, ambazo kumbi nyingi sasa zinazo, inafifia kwa sababu kioo hakisambazi mwanga wake kurudi kwa watazamaji. Msimamizi anayefuatilia kwa Zoom haoni chochote. Tena mkono wenye wasiwasi hutetemeka, na doa hutangaza wasiwasi huo kwa ukumbi mzima. Kama una jedwali la mistari 12 na unataka watazame mmoja, nakili slaidi hiyo, kwenye nakala uchore kisanduku kuzunguka mstari huo, kisha uziweke zikifuatana. Ukibonyeza kusonga mbele, jedwali halitikisiki. Kisanduku tu ndicho kinachotokea. Hakuna leza inayofikia usahihi huo, na hata wa mtandaoni wanakiona.

Inafika mita 15, zinazotosha chumba chochote cha seminari. Saa haina. R800, rimoti nyingine ya Logitech, inafika mita 30, ina leza ya kijani, na ina kiskrini cha muda kinachosindikizwa na mtetemo kiganjani; mwenye mazoea ya kukatizwa na mwenyekiti kabla hajafika kwenye mapendekezo aongeze pesa achukue hiyo. Wa R400 aweke simu mezani ikiwa kwenye hali ya ndege, saa ikihesabu kurudi nyuma.

Laptop zenye matundu ya USB-C pekee zinahitaji adapta, na ukumbini huwezi kutegemea kuikuta. Ukimaliza, chomoa risiva kabla hata ya kukusanya karatasi zako. Ikibaki kwenye laptop ya ukumbi, ulichobeba mfukoni kimebaki kuwa tochi ya leza tu.